MASHINE NA IMTUMIKIE ASKARI

Wako watu wanaodhani kwamba masomo ya kompyuta ya vyuo vikuu ni jambo la mabwana wa ofisini mjini Kampala, lisilomhusu askari anayekesha mpakani. Sisi hatukubaliani nao. Tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi, hasa walioko Kasese na Bwera, kwamba tawi moja la masomo hayo linawahusu sana.

Tawi hilo huchunguza jinsi mtu anavyoelewana na mashine: anachokiona kwenye kioo chake, kitufe anachokibonyeza, na kosa analoweza kulitenda akiwa amechoka au ana haraka. Mzizi wake mmoja umo jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walikuwa wakikunja magurudumu baada ya kutua salama, na ndege zikiburuza matumbo chini. Walilaumiwa kwa uzembe. Mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, alipochunguza aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa zilikaa jirani, tena zilifanana. Akashauri moja ivikwe kichwa chenye umbo la gurudumu, na ya pili chenye umbo la bawa, ili mkono uzitambue hata gizani. Aliyerekebishwa hakuwa rubani, bali swichi.

Sasa natutazame Mpondwe. Siku za soko maelfu ya watu huvuka hapo kwenda na kurudi Kongo. Mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka upande huo aligunduliwa kuwa na Ebola, akafariki Bwera. Mwezi Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi. Hatusemi kwamba kompyuta ingaliizuia misiba hiyo. Tunasema kwamba mahali kama hapo, jina lililoandikwa vibaya si jambo dogo.

Tena majina yenyewe yana utaratibu wake. Wakonzo humpa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mwana wa kiume wa pili aghalabu huitwa Bwambale. Kwa ndugu zao Wanande wa Kongo ni Kambale. Wa tatu ni Masereka, na ng'ambo ni Kasereka. Basi mashine inayomtafuta mtu kwa jina tu itamwekea askari mbele yake akina Bwambale wengi wasio na idadi. Asiye na hatia atazuiliwa, na mwenye hatia atapita. Fundi aliyeitengeneza bila kuketi hata siku moja penye kizuizi cha Mpondwe hawezi kulijua hilo. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Iko pia habari ya lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu enzi za King's African Rifles, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi. Kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili si ndoto: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. Amri inayosomwa kwa kubahatisha ni hatari mkononi mwa mwenye bunduki.

Kwa hiyo tunatoa rai. Vyuo vya Makerere na Mbarara viwapeleke wanafunzi wao mpakani, wamtazame askari akiwa kazini kabla hawajachora lolote. Makamanda nao wawateue vijana wenye elimu wakaisome taaluma hii. Na wewe askari, mashine ikikukwaza, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mjinga. Andika ilipokukwaza, umpelekee mkuu wako. Huenda ubovu hauko kwako, bali uko kwenye swichi.