Mteremko ule si ardhi tupu

Mwaka juzi nilikaa kwenye mkutano wa kijiji kule Makete nilikozaliwa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Mtaalamu mmoja alitandaza ramani, akaweka kidole kwenye mteremko niliochungia kondoo utotoni. "Hapa ni ardhi tupu," akasema, "panafaa misindano."

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Sakitu ilikuwa imeunguza nyasi zote, mlima umekuwa kahawia tupu. Simlaumu kwa alichokiona. Namlaumu kwa kuja Agosti.

Mvua za Novemba zikishakolea, mteremko huohuo hubadilika. Kufikia Februari unatembea ukitafuta pa kukanyaga, kwa wingi wa maua: meupe, ya njano, ya zambarau. Si bure wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu. Hifadhi hiyo ina aina zipatazo 350 za mimea, na 45 kati yake ni okidi za ardhini. Lakini maua hayaishii kwenye bikoni za hifadhi. Yanaendelea hadi kwenye nyasi za vijiji, ambako hayana mlinzi.

Kiangazi okidi hurudi chini, ikabaki kiazi tu. Moto unapita juu, baridi inapita, kiazi kimetulia. Mbegu yake ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, hivyo haioti mpaka ikutane na kuvu inayoilisha udongoni. Ndiyo sababu hatuwezi kulima kwanza kisha tukaagiza miche kitaluni. Na msindano ukishakua, kivuli chake hunyima nyasi jua, na okidi zetu zimezoea jua.

Najua pia habari ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi. Viazi hivyo huchimbwa, huvushwa hadi Zambia, husagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga. Anayechimba anatafuta daftari na sare za mwanawe, sitamwita mhalifu. Ila kiazi kikitoka mmea umekwenda, na wachimbaji wenyewe ndio wanaojua kila ua limejificha wapi. Hao tungewalipa watuongoze, badala ya kuwakimbiza.

Tukisikia uhifadhi, sisi tunafikiria miti. Nyasi tunazihesabu kama pengo linalosubiri kujazwa, na kupanda miti kunapigiwa makofi popote kunapofanyika. Juu ya nyanda kama zetu, kupanda miti ni kuharibu.

Naiomba halmashauri jambo moja: pasipandwe mche wowote kwenye nyasi za juu kabla ya ukaguzi wa kati ya Januari na Machi, na kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji paandikwe "uoto wa asili", neno "tupu" lifutwe. Mteremko wetu bado haujapandwa. Waje Februari, nitawapeleka mwenyewe.