Jenni Ching Kashinda, Sawa. Halafu?

Wiki hizi za kampeni kila bango hapa chuoni linasema ni zamu ya vijana. Sina ugomvi na hilo. Ila juzi nimemaliza kusoma City of Bohane, riwaya ya Kevin Barry ya mwaka 2011, na sasa kila nikiona bango la namna hiyo namkumbuka binti mmoja anaitwa Jenni Ching.

Bohane ni mji wa kubuni magharibi mwa Ireland, mwaka 2053. Hakuna simu, hakuna kompyuta, hata bunduki hakuna. Watu wanachomana visu huku wamevaa suti kali na viatu vinavyong'aa. Mwandishi hasemi dunia iliharibikaje, na mimi nilipenda hivyo. Genge kubwa, Fancy, linaongozwa na Logan Hartnett. Familia za kwenye maghorofa ya kaskazini zinamtafuta ubaya, na Gant Broderick, bosi wa zamani, amerudi baada ya miaka 25.

Sasa angalia nani anatumwa mbele na kisu: vijana wadogo. Logan na Gant, watu wazima wale, akili zao ziko kwa mwanamke mmoja, Macu, na kwa enzi zao zilizopita. Mama yake Logan, Girly, bibi wa karibu miaka 90, yuko kitandani hotelini na pombe yake kali, anaangalia sinema za kale, na bado mambo mazito hayapiti bila yeye.

Jenni ana miaka 17. Anawasoma wazee wote hao, anavuta subira, na mwishoni mji ni wake. Niliyepanga naye chumba alishangilia: msichana, tena kijana, kawaangusha! Nikamuuliza, kabadilisha nini? Visu ni vilevile, na genge ni lilelile. Akaniambia nina wivu.

Labda. Lakini Barry alizaliwa Limerick, mji ambao miaka ya 2000 ulikuwa na vita vya magenge vya kweli, watu wakauawa. Hakuwa anaota tu.

Mgombea wetu anapita bwenini kesho jioni. Nimeshaandaa swali: hiyo Fancy unataka kuivunja, au unataka kiti cha Logan?