Tusianze na laptopu, tuanze na linki

Ndugu zangu wa Gisenyi, na nyie wa mashirika mnaotusoma hapa, nina ombi na nina ubishi kidogo. Tukipata tena hela ya "vifaa vya muziki kwa vijana", tusikimbilie kompyuta. Anayeanza aanze na BeepBox, kwenye simu hiyo hiyo aliyo nayo.

Najua mtakachosema. Nilipowasikilizisha wenzangu muziki wa chipu, ule wa pii-pii wa gemu za zamani, mmoja alicheka: "Yaya, ile ni miziki ya batoto." Mwingine akanitajia singeli ya Dar es Salaam. Vijana wa studio ya Sisso, akasema, walifanya kazi na kompyuta, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa nyimbo zao mpaka Ulaya wakazicheza. Sawa, nakubali. Lakini wale wako mtaani kwao. Kompyuta ikilala leo, kesho wanaikuta pale pale. Sisi leo tuko Nkamira, kesho jina limesomwa, tunapanda basi kwenda Mahama na mfuko mmoja.

Mradi mmoja, jina naliacha, ulituletea laptopu mbili zenye programu ya kulipia. Leseni ilikuwa ya mwaka. Mwaka ukaisha, mradi nao ukaisha, na nyimbo zetu zikabaki mle ndani kama nguo kwenye sanduku lililopotelewa na ufunguo. Wengine wakahamia FL Studio ya majaribio. Hiyo inakukubalia kuhifadhi kazi, ila ukirudi kesho haikufungulii mpaka ulipie. Ya kuibia nayo mnaijua, inakuja na virusi vyake.

BeepBox ni ukurasa wa intaneti tu. Aliyeutengeneza ni John Nesky, upo tangu 2012, na ni bure. Huombwi akaunti, huombwi email, huombwi kitambulisho. Ila lililonishika mimi ni hili: wimbo wako hauwekwi kwenye kompyuta ya mtu kule mbali. Noti zote zinaandikwa ndani ya linki yenyewe. Ule msururu wa herufi na namba zisizosomeka, ndio wimbo.

Kijana mmoja wa kwetu alivuka Petite Barrière na familia yake Januari 2025, na kwenye msukumano simu ikapotea. Ndani kulikuwa na midundo ya miaka miwili. Siku tulipoanza kujifunza, hakuniuliza besi inapigwaje. Aliniuliza: "Yaya, kama hii simu nayo inapotea, wimbo yangu itabakia fasi gani?" Nikamwambia atume linki kwa mama yake mdogo aliyeko Kampala. Miezi michache baadaye simu ilianguka kwenye mawe, ikafa kabisa. Mama mdogo akaturudishia linki kwa WhatsApp, tukaifungua kwenye simu yangu. Wimbo ukaanza kama alivyouacha, pamoja na ile noti moja ya besi niliyokuwa nimemwambia airekebishe na hakurekebisha.

Tangu siku hiyo sibishani sana juu ya ubora wa sauti.

Na hata kwenye muziki wenyewe, udogo unasaidia. Game Boy ya 1989 ina sauti nne tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya kelele, ile "shhh" inayogeuzwa kuwa ngoma. BeepBox nayo inakufungulia tatu za noti na moja ya ngoma. Unaweza kuongeza, lakini nakuomba usiongeze miezi ya kwanza. Kwa mtu aliyekulia kwenye seben, sauti nne si njaa. Magita ya kwetu yamegawana kazi toka zamani: solo, mi-solo, akompanyema, besi. Mpe solo sauti ya kwanza. Mi-solo na akompanyema zitabanana kwenye ya pili, na hapo kuna ujanja wa chipu wa siku nyingi: badala ya kupiga noti tatu pamoja, unazizungusha upesi moja moja mpaka sikio linadhani ni kodi. Besi ichukue ya tatu, na kelele ikae chini inaendesha. Mtoto akishindwa hapo, utasikia mara moja nani anamkanyaga mwenzake. Kwenye programu yenye sauti mia huwezi kusikia, unaongeza tu nyingine juu.

Mabaya yake nayo yapo. Kwenye kioo kidogo kidole kinafunika noti tatu. Kuna skeli za noti tano ambazo hazikuachii nafasi ya kukosea, nzuri kwa siku ya kwanza, lakini rumba itakuchoka hapo, hamia ya noti saba. Ukitaka mwendo wa ngoma zetu za tatu-tatu, badilisha mgawanyo wa mpigo kutoka nne kwenda tatu, la sivyo utahangaika bure. Ukurasa unahitaji mega kufunguka. Na linki inarefuka kadiri wimbo unavyorefuka: itume peke yake kwenye meseji, usiikate, na usitegemee linki fupi za kukodi, kwa sababu tovuti ile ya kufupisha ikifungwa wimbo umekwenda nayo.

Vingine nitavipitia haraka. Game Boy yenyewe yenye LSDj ni raha, lakini ni mashine ya kuagiza mbali na betri zake, tuachie wenye pesa. SunVox ni nzuri, kwenye kompyuta ni bure, kwenye simu inalipiwa. FamiTracker ni ya Windows. Furnace ndiyo ningeipenda kwa hatua ya pili: bure, Windows na Linux, ina chipu ya Game Boy, ya Famicom, mpaka SID ya Commodore 64. Ila noti zake zinashuka kama daftari la mahesabu ya duka, na anayeanza anatoroka siku ya pili. Nimewaona.

Kwa hiyo, wa mashirika: laptopu moja iliyotumika, ya Furnace, kwa wale waliokwisha kumaliza nyimbo tano kwenye simu. Hela iliyobaki iwe mega, pawabenki, na kadi za memori za kubebea nakala za WAV. Na kila kijana aandike kwenye fomu majina mawili ya watu wa kutumiwa linki, mmoja wao awe haishi naye.