TAHARIRI: POINTI ZA LORI LETU



Wiki tatu zilizopita lori letu lilizimika kwenye kona chini ya Soni, likiwa limebeba kabichi na nyanya za kaya thelathini na moja. Mvua ilikuwa inanyesha. Dereva alifungua boneti, akakwangua pointi kwa ubavu wa kiberiti, lori likawaka. Lilikwenda kilomita mbili, likazima tena. Hivyo hivyo mpaka Mombo. Walipofika, wanunuzi wa Tanga walikwisha kuondoka, na nyanya zikauzwa kwa bei ya kutupa.

Tangu siku ile hapa kijijini hakuna mazungumzo mengine. Dukani ni pointi, mashineni ni pointi, hata msibani watu wamesikika wakinong'ona pointi. Na wengi wanaozilaumu hawajapata kuziona. Jumamosi tunakutana kuamua kama zitolewe na kuwekwa kifaa cha elektroniki. Afadhali tukapige kura tukijua tunachokipigia.

Kwanza wenye magari ya dizeli wasihangaike, dizeli haina plagi za cheche wala pointi. Bedford letu ni la petroli, silinda sita, na petroli haiwaki bila cheche. Cheche inatoka kwenye koili. Koili hupokea volti 12 za betri na kuzipandisha zikawa maelfu mengi, mpaka umeme unaweza kuruka nafasi iliyoko kwenye ncha ya plagi. Lakini koili haitoi cheche wakati umeme unapita. Inatoa pale umeme unapokatwa ghafla. Mkataji ndiye huyo pointi: vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa, vinavyofunguliwa na shafti ya katikati na kujifunga vyenyewe kwa springi.

Injini ya silinda sita ikizunguka mara moja, pointi hufunguka mara tatu. Lori likipanda mlima kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, zinafunguka mara 6,000 katika dakika hiyo, yaani mara 100 kila sekunde. Haya, piga hesabu mwenyewe kutoka hapa mpaka Mombo na kurudi.

Kila zinapofunguka, kijicheche kinazilamba. Kondensa imewekwa pale ili kukipunguza, na ikifa pointi zinaungua upesi. Halafu kuna kile kisigino cha faiba kinachosuguana na shafti. Kikilika, nafasi ya pointi inapungua na cheche inachelewa. Lori linakosa nguvu mlimani, linakunywa petroli, linachemka, na sisi tunasema dereva ameiba mafuta. Tulisema hivyo mwaka jana. Waliosema wanajijua.

Mtindo huu wa betri, koili na pointi ni wa Mmarekani Charles Kettering, na ulianza kwenye magari ya Cadillac mwaka 1910. Ulitumika dunia nzima kwa zaidi ya miaka sitini. Ilipofika mwaka 1973 kampuni ya Chrysler iliweka moto wa elektroniki kwenye magari yake yote ya Marekani, na watengenezaji wengine wakafuata. Kwa hiyo wanaodai kwamba sisi ndio tunataka kufanyiwa majaribio wamechelewa miaka hamsini.

Kifaa chenyewe si kikubwa kuliko kiberiti. Pointi na kondensa zinatolewa, chenyewe kinakaa mahali pake, chini ya kofia ile ile ya distributa. Pete yenye sumaku sita inavishwa kwenye shafti chini ya rota. Kila sumaku inapopita, kifaa kinaihisi na kukata umeme wa koili. Hakuna kinachogusana, basi hakuna kinacholika wala cha kukwangua. Kijana wetu anayefanya kazi gereji huko Tanga ameulizia bei, inakaribia magunia matatu ya mahindi.

Kijana alipolieleza jambo hili mbele ya kamati, mzee wetu dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja tu: "Mwanangu, hicho kidude kikifa usiku njiani, utakikwangua na nini?"

Kamati ilicheka. Sisi hatukuona la kuchekesha. Pointi zinakufa polepole, zinakutukana wiki nzima kabla ya kukuacha. Kifaa cha elektroniki kikifa, kimekufa, hakuna dalili na hakuna dawa. Tena betri ikiwa imechoka sana, lori la pointi linaweza kukubali kusukumwa, lakini vifaa hivi vingi vikikosa umeme wa kutosha havifanyi kazi kabisa. Mzee ana haki, na kijana naye ana haki.

Maoni yetu ni haya. Kifaa kinunuliwe. Lakini pointi zisitupwe wala zisiuzwe. Seti moja mpya, nafasi yake ikiwa imekwisha kupimwa, pamoja na kondensa, bisibisi na fila geji, viwekwe ndani ya kopo lenye mfuniko chini ya kiti cha dereva. Kidude kikifa, kinatolewa, pointi zinarudishwa, na mzigo unafika. Fundi anayejua hatamaliza saa nzima.

Hapo kwenye "fundi anayejua" ndipo penye kazi. Hapa kijijini anayejua kupima pointi ni mtu mmoja, naye mwaka huu ana miaka sitini na sita. Tunapendekeza vijana wawili wakae naye mpaka kila mmoja aweze kuzifunga gizani kwa tochi, na mmoja wao awe binti. Waliosema binti hawezi waende kumtazama anayeendesha mashine yetu ya kukoboa.

Sasa tuseme ukweli mwingine ambao hautawapendeza wanaotarajia miujiza. Kifaa hiki hakitalifanya Bedford kuwa jipya. Kitalirudishia nguvu ililokuwa nayo pointi zilipokuwa mpya, basi. Kofia ya distributa ina ufa. Ukungu wetu ukiingia humo, cheche itapotea njiani hata ukifunga kifaa cha namna gani. Bushi za shafti nazo zimelika, ukiishika shafti unaona inacheza. Kofia na bushi zibadilishwe kwanza, la sivyo tutakuwa tumevaa kofia mpya na miguu peku.

Na hapa lazima tujikosoe. Mwaka jana zilinunuliwa koili mbili mpya kwa fedha za wanachama, na ya zamani haikupimwa hata mara moja. Tuliipima wiki hii. Ni nzima. Hili ni kosa la kamati, na sisi tunaoandika gazeti hili tumo ndani ya kamati.

Kosa hilo lisirudiwe. Magari mengi ya zamani ya Kiingereza yalifungwa waya wa chanya wa betri kwenye chesisi badala ya hasi, na vifaa vya aina mbili hizo haviingiliani. Ukikosea, kinaungua siku ya kwanza. Jumanne tulifungua boneti na kuhakikisha: letu ni hasi. Aidha, koili yetu hupata umeme kupitia rezista inayoupunguza, wakati kifaa kinataka volti 12 kamili, hivyo waya wake uchukuliwe kabla ya rezista. Fundi wa kuchomelea asiguse lori kabla ya betri na kifaa kufunguliwa. Na swichi isiachwe imewashwa injini ikiwa imezimwa, maana koili inachemka na kifaa kinaungua. Vijana wa utingo, tunasema juu ya ile redio ya kusikiliza mpira.

Limebaki suala la fedha. Wapo wanaotaka wenye nyanya walipwe kwanza, ndipo lori litengenezwe. Madai yao ni ya haki, na wawili kati yetu tunaoandika tumo katika zile kaya thelathini na moja. Lakini fungu la matengenezo halitoshi kwa yote mawili, na kabichi za mabonde ya juu zitakuwa tayari mwezi ujao. Tukilipana leo, tutakwama tena Soni na kudaiana upya. Tunaunga mkono lori litengenezwe sasa, na fidia ikatwe kwenye nauli ya kila safari mpaka iishe, hesabu zikibandikwa hapa hapa ukutani kila mwisho wa mwezi.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya ghala. Mzee dereva amekubali kuifungua distributa mezani ili kila mtu aione kabla ya kura. Pointi ni ndogo sana, kwa hiyo wenye miwani waje nayo.