Bastola ya Kabwela

Kuna mabwana ambao wakisikia kwamba mtu maskini wa Marekani anatafuta bastola ya pili ya kulinda nyumba yake, tena ya bei anayoiweza, hucheka. Husema: anunue iliyo nzuri au aache kabisa. Maneno haya ni rahisi kumtoka mtu ambaye nyumba yake ina ukuta, taa, na mlinzi wa kulipwa getini. Kabwela hana vitu hivyo. Ana mlango mmoja, ana mke na watoto, na ana mshahara unaokwisha mwezi haujafika nusu. Ndugu wasomaji, wengi wenu mna watoto na jamaa huko. Tulitazame shauri hili bila kicheko, maana ndani yake mna haki, mna biashara ya watu wajanja, na mna roho za watoto.

Kwanza tuelewane juu ya bastola ya pili. Nyumba nyingi za Marekani tayari zina bunduki ndefu, ya marisau au ya kuwindia, pengine iliyorithiwa kwa baba. Bunduki ndefu yafaa porini. Ndani ya ujia mwembamba wa nyumba, usiku, na mtoto umemshika kwa mkono mmoja, ni mzigo. Mzee mmoja wa Chicago, Bwana Otis McDonald, alikuwa katika hali hiyo hasa. Alikuwa mtu mweusi aliyestaafu kazi, na nyumba yake ilikuwa imevunjwa zaidi ya mara moja. Bunduki za marisau alikuwa nazo, tena kwa halali. Alichotaka ni bastola, na mji wa Chicago ulikuwa umefunga mlango huo tangu mwaka 1982. Alishtaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo tarehe 28 Juni 2010 ikampa haki kwa kura 5 dhidi ya 4. Miaka miwili kabla, mwaka 2008, mahakama hiyo hiyo katika kesi ya Heller ilikwisha eleza kwa nini watu huchagua bastola nyumbani: yawekwa mahali pa karibu, si rahisi mtu kukupokonya, na waishika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwapigia polisi simu.

Basi anayemcheka kabwela kwa kutaka bastola na amcheke pia Mzee McDonald, na awacheke majaji watano.

Lakini shauri la bei ni la zamani kuliko hilo, nalo lina harufu mbaya. Mwaka 1865 watumwa wa Mississippi walikuwa ndio kwanza wametoka minyororoni, na bunge la jimbo lile likatunga sheria kwamba mtu huru mweusi asiye askari asiwe na bunduki wala risasi bila kibali cha wakubwa wa wilaya. Serikali ya kule Washington ilipokataza sheria zinazotaja rangi, mabwana wakagundua njia nyingine. Mwaka 1879 jimbo la Tennessee likakataza kuuza bastola zote isipokuwa zile kubwa za namna ya jeshi. Sheria haikumtaja mtu mweusi hata kwa neno moja. Lakini bastola za jeshi zilikuwa ghali, na askari wa zamani wa jeshi la mabwana wengi walikuwa nazo tayari. Bastola ndogo za bei nafuu, ambazo mfanyakazi wa shamba angeweza kuzifikia, ndizo zilizoondolewa dukani. Nani hakujua zilikuwa zikimlenga nani?

Na hayo hayakuishia karne ile. Januari 1956 nyumba ya Dr. Martin Luther King ilipigwa bomu huko Montgomery. Akaomba kibali cha kuchukua bastola. Akanyimwa. Mtu ambaye baraza la nyumba yake limeripuliwa, mkewe na mtoto wachanga wakiwa ndani, ameambiwa na wakubwa kwamba hana sababu ya kutosha! Mwaka uliofuata, mjini Monroe katika North Carolina, Bwana Robert Williams na wenzake walilinda kwa bunduki nyumba ya Dr. Albert Perry, na Ku Klux Klan walipokuja kwa misafara ya motokaa wakakuta watu wako macho. Wakarudi mbio. Williams huyu ndiye aliyekimbilia Cuba mwaka 1961, kisha China, na akapita Dar es Salaam kabla ya kurudi kwao mwaka 1969. Huenda wako wazee wetu wanaomkumbuka.

Kwa hiyo mimi si katika wale wanaosema kwamba bastola ya bei ya chini ni ya wahuni tu. Lakini, na hapa naomba tusikilizane vizuri, si katika wale wa upande wa pili pia, wanaomwuzia maskini takataka kwa jina la haki yake.

Tazameni yaliyotokea. Mwaka 1968 Marekani ilitunga sheria ya silaha iliyozuia kuingiza kutoka ng'ambo bastola zisizofaa kwa michezo ya shabaha na uwindaji, yaani zile ndogo za bei rahisi. Sheria ilizuia bastola nzima, haikuzuia vipande vyake. Basi vipande vikaletwa kutoka Ujerumani na kuunganishwa Miami. Bastola ya namna hiyo, RG-14, ndiyo iliyompiga Rais Reagan mwaka 1981. Wakati huo huo, kandokando ya Los Angeles, vikaota viwanda vya wenyeji: Raven tangu mwaka 1970, kisha Jennings, Bryco, Lorcin na vingine, vingi vikiwa vya ukoo mmoja na marafiki zake. Walimimina bastola za bati la zinki kama mtu anayemimina vijiko. Ziliuzwa kwa wingi mno, na wanunuzi wakubwa walikuwa watu wa mitaa ya kimaskini.

Bastola ya Bryco ya namna moja ilikuwa na kasoro ambayo kila mzazi angepaswa kuelezwa kabla hajalipa senti yake ya kwanza. Ili kuitoa risasi, ilikulazimu kwanza uondoe kizuizi cha usalama. Yaani wakati ule ule mtu anapojaribu kuifanya iwe salama, ndipo ilipokuwa tayari kuua. Mwaka 1994, huko California, kijana wa miaka 20 alikuwa akijaribu kuitoa risasi bastola ya namna hiyo. Ikalia. Risasi ikampata mtoto wa miaka 7, akapooza tangu shingoni. Mwaka 2003 baraza la mahakama liliamuru fidia ya dola milioni 50 hivi, karibu nusu yake ikiwa juu ya mwenye kiwanda na makampuni yake. Mwenye kiwanda akatangaza kufilisika, na mwaka uliofuata mtu aliyekuwa msimamizi wake akakinunua kiwanda na kuendelea kuunda bastola kwa jina jipya. Rahisi ghali, wasema wazee wetu, ila hapo gharama hakulipa aliyeuza.

Sasa basi, kabwela anunue nini?

Maoni yangu ni haya. Kama silaha ya kwanza ni bastola, ya pili ifanane nayo. Itumie risasi zile zile, magazini zile zile kama yamkini, na kifyatulio kivutwe kwa namna ile ile. Mwenye Glock 19 akipata Glock 26 iliyotumika, magazini za ile kubwa zaingia katika ile ndogo. Saa nane za usiku, moyo ukidunda, mkono hufanya uliyouzoesha. Nyumba yenye bastola mbili zenye tabia mbili, moja ina kizuizi cha kusukuma kwa dole gumba na nyingine haina, imejitengenezea adui wa tatu.

Kama ya kwanza ni bunduki ndefu na mtu hajawahi kushika bastola, mimi nampendelea revolva ya .38 iliyotumika, hasa ile Smith & Wesson Model 10 ambayo ukoo wake waanzia mwaka 1899 na imeundwa kwa mamilioni. Askari wa Marekani waliivaa kiunoni karibu karne nzima, kisha idara zao zilipohamia bastola za magazini zikaziuza. Haina magazini ya kupotea, haina kizuizi cha kusahau. Ukiifungua, risasi sita waziona kwa macho, na hata mwenye haraka hawezi kudhani ni tupu kumbe imejaa. Zamani zilikuwa rahisi sana, ila siku hizi wakusanyaji wa vitu vya kale wamezipandisha bei. Iliyokwaruzika rangi na yenye mitambo mizima yamtosha mlinzi wa nyumba. Na atakayeishika ajue kwamba kuvuta kifyatulio chake chataka nguvu. Mama mzee mwenye baridi yabisi aijaribu kwanza kabla ya kupelekewa kama zawadi.

Kuna pia bastola za polisi zilizorudishwa. Shirika la FBI liliporudi kwenye risasi ya milimita 9 katika miaka ya baada ya 2014, idara nyingi za polisi ziliifuata, na bastola zao za .40 zikajaa madukani kwa bei nzuri. Ni silaha imara. Lakini risasi zake ni ghali kuliko za milimita 9 na teke lake ni kali, na ambaye hawezi kununua risasi za kufanyia mazoezi amenunua chuma cha kugongea misumari. Mwenye kuhesabu bei ya bastola na asihesabu bei ya risasi hajahesabu.

Mpya za bei ya chini zipo. Hi-Point ya Ohio yapatikana kwa dola 200 hivi. Ni nzito, ni ya sura mbaya, chuma chake cha juu ni zinki kama zile za zamani, nao wenye kiwanda huitengeneza bure ikiharibika hata kama wewe ni mnunuzi wa kumi. Watu huicheka, lakini mimi naona wanamcheka mwenye nayo zaidi kuliko yenyewe. Ruger EC9s, iliyotoka mwaka 2018, ni nyembamba na ya heshima zaidi, ila udogo wake waifanya ngumu kwa mwanafunzi. Kwa za mkono wa pili, aulize sana juu ya namna. Kampuni ya Taurus ya Brazil, bila kukubali kosa, ilipatana na wadai katika kesi iliyohusu karibu bastola milioni moja za namna tisa zilizodaiwa kuweza kulia zikianguka. Mapatano hayo yalithibitishwa na mahakama mwaka 2016, na baadhi ya bastola hizo bado huzunguka mikononi mwa watu.

Baada ya bastola, fedha ziliyobaki ziende kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Hapa sitaki ubishi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Mwizi wa usiku anayeogopwa yuko mbali, lakini kijana mwenye huzuni na mtoto mwenye udadisi wako ndani ya nyumba kila siku. Bastola ya pili ni hatari kuliko ya kwanza katika jambo hili moja: ya kwanza mwenye nyumba ajua iko wapi, ya pili huachwa kwenye mtoto wa meza, chini ya mto, ndani ya gari. Tangu sheria ya mwaka 2005 mwenye duka la leseni ampaye mtu bastola ni lazima ampe na kifaa cha kuifunga, na vituo vingi vya polisi hugawa kufuli za waya bure. Asiyeweza kununua sanduku la pili hana haja ya bastola ya pili. Nimeliona jambo hili likiwaudhi wengine, na waudhike.

Na kabla ya fedha kutoka mfukoni, wenzetu waliohamia kule wajue sheria inawatazama kwa jicho gani. Mwenye kadi ya kijani aweza kununua kama raia. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa jumla, hana ruhusa ya kuwa na bastola wala risasi, ila kwa misamaha michache, kama ule wa mwenye leseni ya kuwinda. Asije akamtuma rafiki amnunulie. Karatasi ya dukani, nambari 4473, yauliza waziwazi kama wewe ndiwe mnunuzi halisi. Katika kesi ya Abramski, mwaka 2014, askari polisi wa zamani alikuwa amemnunulia mjomba wake Glock, kwa fedha za mjomba, ili kutumia punguzo la bei wanalopewa askari. Mjomba mwenyewe hakuwa na kipingamizi chochote cha kisheria. Hata hivyo yule mpwa alitiwa hatiani, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hatia yake, tena kwa kura 5 dhidi ya 4.