Ua la Kupendeza, Sumu ya Ng'ombe

Likizo ikifika familia nyingi hufunga safari kwenda kuwaona babu na nyanya. Ukishuka kutoka Embu mjini kuelekea Siakago, huko Mbeere, au ukiteremka sehemu za chini za Meru, tazama kando ya barabara. Utaona vichaka vyenye vishada vya maua madogo: ya manjano katikati, mekundu au ya waridi pembeni. Hiyo ni lantana. Huenda hata kwenu Nairobi mmeipanda kuzungushia nyumba.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Mmea huu ulitoka Amerika, ukasambazwa duniani kama pambo la bustani. Mwaka wa 2000 uliwekwa katika orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya kabisa duniani. Malishoni huzisonga nyasi, na majani yake yana sumu inayodhuru ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Utautambuaje? Shina lina pembe nne na vimiba vilivyopinda. Jani hukwaruza, na ukilifikicha hutoa harufu kali. Matunda huiva yakawa meusi. Ndege huyala na kutawanya mbegu.

Mnyama aliyeshiba huupita tu. Hatari huja kiangazi nyasi zikiisha, au anapoletwa ng'ombe mgeni asiyeujua. Akiula, hukosa hamu ya chakula, hufunga choo, macho huwa ya manjano, na ngozi yake, hasa penye weupe, huungua juani na kubambuka. Mweke kivulini na umwite daktari wa mifugo upesi.

Kufyeka kwa panga pekee ni kazi bure, kwani kisiki huchipuka tena. Ng'oa kwa jembe pamoja na mizizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla matunda hayajaiva. Matawi usiwaachie mifugo. Hata yakikauka yana sumu. Kisha panda nyasi mahali hapo, na ukague kila baada ya mvua. Ardhi ikibaki tupu, lantana itarudi.

Basi, ndugu wa mjini, usimbebee nyanya tawi la ua hilo ati akapambe boma. Mbebee sukari na majani chai. Na siku utakayokuwa huko, mwombe jembe umng'olee vichaka viwili vitatu. Ng'ombe wake ndiye karo ya wajukuu.