Acheni kusifu mtoto asiyelia

Hii posti itawauma wengine, sawa tu. Hapa Musanda mtu akijifungua, wageni wakija kuona mtoto sifa ni zile zile: "Huyu ni mpole, hasumbui, analala tu." Tunapiga picha, tunaweka statasi. Hakuna anayeuliza amenyonya saa ngapi.

Mtoto wa siku moja anayelala mpaka anakataa kunyonya, amelegea, anatetemeka au mwili umekuwa baridi, huenda sukari ya damu imeshuka. Mrudisheni kituoni leo, si kesho. Kitovu kikikatwa, sukari aliyokuwa akipata kwa mama inakatika hapo hapo. Anaanza kuishi kwa akiba iliyo kwenye ini. Aliyezaliwa mapema au mdogo hana akiba ya maana. Na yule mnono wa kilo nne na nusu mnayemshangilia? Kama mama ana kisukari, mwili wa mtoto umezoea kutoa insulini nyingi, na insulini haijui kitovu kimekatwa. Ubongo unategemea sukari. Ikikosekana sana anaweza kupata degedege, abaki na ulemavu, au afe.

Halafu kuna yule mjuaji wa kuleta maji ya sukari na kijiko. Wacha hiyo maneno bana! Yanajaza katumbo kadogo, mtoto hanyonyi, na nani anajua maji yametoka kisima gani? Anachohitaji ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, ndani ya saa moja, akiwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Kisha kila saa mbili au tatu, hata usiku. Mwamshe.

Lakini sitamtupia mama lawama zote. Kupima ni tone la damu ya kisigino na stripu moja. Ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita, mara nyingi wahudumu hawangoji, na asiyeweza kunyonya huwekewa dripu ya dekstrosi ya asilimia 10. Si maajabu. Tumezungukwa na miwa Mumias nzima, halafu mtoto aumie kwa kukosa sukari kweli? Kaunti iliwahi kuwapa kina mama pesa kwa awamu, ile Oparanya Care, ndio waende kliniki na kujifungulia hospitali. Poa sana. Sasa mama akifika na boda saa nane usiku, stripu ziko?

Wale mtakuja 2027 kuomba kura na unga, mimi nitawauliza hiyo tu.